Meza ndogo ya Hassan: kusoma Gurnah mbele ya nyumba zenye kuachwa

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1948, akaenda Uingereza akingali kijana, miaka michache kiisha Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Mwaka wa 2021 akapewa Prix Nobel ya fasihi. Tangu pale, kila mara wasomi wa kwetu wakimutaja, wanamuita « mwandishi wa wakimbizi ». Si uongo. Lakini mutu mwenye kukaa Bweremana akifungua kitabu chake By the Sea cha mwaka wa 2001, chenye kilitoka kwa Kifaransa mwaka wa 2006 na kichwa Près de la mer, ataona upesi ya kwamba ukimbizi ni mulango tu wa kuingilia. Ndani mwenyewe muko nyumba na vyombo vya nyumba: nani aliviacha, nani alivichukua, nani anaweza kurudi kuviuliza, na anaviuliza kwa jina la nani.

Ndiyo sababu nimekileta katika kurasa hizi za mila. Najua kuko wenye watasema riwaya ya watu wa pwani haiingii katika mambo ya Masisi na Walikale. Wasome kwanza. Sehemu ya kwanza ya kitabu, mwandishi ameiita « Masalio ». Ya tatu, yenye kufunga, ameiita « Ukimya ». Kwetu hapa kuko nyumba ngapi zenye ukizunguka ndani yake unakuta hivyo viwili tu, masalio na ukimya?

Nieleze kidogo, juu ya wale wenye hawajakisoma. Muzee mumoja, jina lake Saleh Omar, anafika kiwanja cha ndege cha Gatwick, Uingereza, mangaribi ya tarehe 23 Novemba. Yuko na pasiporo yenye jina lisilo lake: Rajab Shaaban Mahmud. Anajifanya hajui Kiingereza. Zamani, kule Zanzibar, alikuwa mufanyabiashara wa vyombo vya nyumba: meza, makabati, viti vya kuchongwa, vitu vya zamani vyenye Wazungu walipenda kununua. Biashara yake ilitembea vizuri. Kisha anakuja Hussein, mufanyabiashara Muajemi kutoka Bahrain, mwenye kufika na pepo za musimu. Hussein anakopa feza kwa Saleh, na kama rehani anamuachia karatasi ya nyumba ya mutu mwingine: nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud, yenye Rajab mwenyewe alikuwa ameiweka rehani kwa Hussein. Hussein anaondoka, harudi tena. Saleh anabaki na karatasi mukononi. Anaitumia. Anachukua nyumba, na vyombo vyenye vilikuwa ndani.

Tuangalie vizuri: Saleh hakuvunja mulango. Hakuiba usiku. Alikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa ya kweli.

Katika vile vyombo kulikuwa meza ndogo ya mupingo, ule muti mweusi wenye Wafaransa wanaita ébène. Meza ile, Hussein alikuwa ameinunua katika duka la Saleh yeye mwenyewe, akamupa Hassan, mutoto mukubwa wa Rajab, kama zawadi. Zawadi ile haikuwa safi. Hussein alikuwa amemutamani yule kijana, na kiisha Hassan akaenda zake akimufuata Hussein, akaacha wazazi na mudogo wake. Basi mama wa Hassan, nyumba yote imekwisha kuchukuliwa, anamutuma mutoto mudogo, Latif, aende kwa Saleh kuuliza meza ile tu. Si kitanda, si kabati. Meza. Mutoto anaenda na haya yake yote, anarudi mikono mitupu.

Miaka mingi inapita. Latif amepelekwa kusoma Ujerumani ya Mashariki, akavuka, akawa mwalimu wa universite kule London. Saleh naye, serikali mupya imemunyanganya nyumba, akafungwa miaka 11, mke na mutoto wake wakafa yeye akiwa gerezani. Mwishoni wanakutana, wazee wawili karibu, katika muji mudogo wa pembeni ya bahari Uingereza, wanaanza kuambiana ile habari, kila mumoja kwa upande wake. Na jambo la kwanza lenye linawachoma wote wawili ni meza.

Nilisoma kitabu hiki mara mbili. Mara ya kwanza niliona ajabu: watu wamepoteza muji muzima, ndugu, nchi, na wako wanagombania kimeza. Mara ya pili ilikuwa mwaka wa 2025, kiisha vita kupita hapa. Mwezi wa pili wa 2024 mapigano yalikuwa yamekaribia Sake, watu wengi wa Masisi wakateremuka na barabara hii ya kando ya ziwa. Tarehe 21 Januari 2025 Minova ikaanguka, tarehe 27 Goma nayo. Mwezi wa pili wa mwaka ule ule, kambi za pembeni ya Goma, Bulengo, Lushagala na zingine, zikaisha watu kwa siku chache, na watu wakarudi kuona nyumba zao, ama pahali nyumba ilikuwa. Wakati ule sikuona tena ajabu yoyote juu ya meza.

Mutu mwenye hajaingia katika nyumba ya namna ile anafikiri kunabaki vitu vikubwa na kunapotea vidogo. Ni kinyume. Manjanja yanakwenda kwanza, kisha mulango na kizingiti chake, kisha fremu za madirisha, kisha mbao za ukuta kama ni nyumba ya mbao. Matela, sufuria, jembe, bidoni, hivyo havilali hata usiku mumoja. Kinu kinakwenda nacho, mara nyingi si juu ya kutwangia, ni juu ya kuni. Chenye kinabaki ni chenye hakiko na bei sokoni. Mafiga yanabaki, nani ataiba mawe? Biletini za masomo zinabaki chini, zimelowana, na viatu vya watu vimezikanyaga. Picha za ndoa zinabaki, bila kadre. Daftari la mutoto wa primere mwenye sasa ni baba wa watoto. Kikapu kilichotoboka chenye nyanya aliletea siku ya mahari. Na inje, mugombani, makaburi ya wazee, kama nyasi hazijayafunika.

Ni kusema mwizi wa nyumba, bila kujua, anatutenganishia vitu viwili vyenye sisi wenyewe hatukuwa tunatenganisha: chombo chenye kila mutu anaweza kukitumia, na chombo chenye jamaa peke yake inaweza kukisoma. Hapa ndipo Gurnah ni mwandishi mukubwa kweli. Meza ya Hassan imesimama kati ya hivyo viwili. Kwa Saleh ni chombo cha duka, alikiuza, kikarudi, anaweza kukiuza tena. Kwa mama wa Hassan ni mutoto mwenye alikwenda. Mwandishi hasemi hivyo wazi. Hakuna pahali amesimama kutuhubiri. Anatuonyesha mutoto mbele ya mutu mukubwa, na anatuacha.

Mwenzangu mumoja wa kazi, mwalimu wa hesabu, alinipinga sana juu ya jambo hili. Yeye anasema: deni ni deni. Saleh alitoa feza zake, hakulipwa, alichukua rehani, mambo yamekwisha. Kama kila mukopeshaji ataanza kutafuta ni chombo gani kiko na machozi ndani, hakuna mutu atakopesha tena Bweremana. Siwezi kumudharau, maneno yake yako na uzito. Na kitabu chenyewe hakimupi Saleh makosa kwa upesi. Saleh anajitetea kwa sauti nzuri, ya mutu mwenye amefikiri kwa miaka mingi, na tunamusikia kwanza yeye, kurasa nyingi, mbele ya kumusikia Latif. Ukifunga kitabu katikati, utasema muzee huyu alionewa.

Lakini mimi naona hesabu ya mwenzangu inasahau kitu. Nyumba ilikuwa deni. Kubali. Meza haikuwa katika deni, kwani haikuwa ya Rajab. Ilikuwa ya Hassan, zawadi, na Hassan hakuweka kitu chochote rehani. Karatasi ya Saleh iliandika nyumba, haikuandika huzuni ya mama. Ilikuwa katika uwezo wake kumupa mutoto ile meza, na haki yake yote juu ya nyumba ingebaki nzima, hata senti moja isingepunguka. Hakumupa. Miaka ya nyuma, yeye naye alipoteza nyumba, na hakuna mutu alimupa hata kiti.

Hapa mila zetu ziko na neno, na ni neno lenye linaanza kupotea. Zamani, mutu akikimbia, alikuwa anaacha vyombo kwa jirani wa kabila lolote, mwenye hakukimbia ama mwenye alikimbia nyuma yake. Vingine alichimbia katika shamba: sufuria, jembe, wakati mwingine mashini ya kushona imefungwa katika shuka na mifuko. Jirani alikuwa mulinzi. Aliporudi mwenyewe, jirani anatoa, na kama alitumia anasema: « Sufuria hii nilipikia, ni mimi nilitoboa, nitatengeneza. » Haikuandikwa katika karatasi yoyote. Tangu vita vya mwaka wa 1993 vyenye vilianzia Ntoto, kule Walikale, kisha 1996, kisha miaka ya Sake na Mushaki, kisha 2012, kisha hivi vya juzi, nyumba zimeachwa mara nyingi sana mupaka ile kazi ya mulinzi imechoka. Siku hizi mutu anarudi, anakuta mulango wake umefungwa kwenye nyumba ya jirani. Anautambua kwa rangi, kwa kitasa, kwa pahali mutoto alikwaruza jina lake na musumari. Na jirani naye anasema: « Niliununua sokoni, feza yangu ilitoka. » Mara nyingi anasema kweli. Aliununua.

Huyu ni Saleh. Simwiti mwizi, kama vile Gurnah hamwiti Saleh mwizi. Ni mutu mwenye karatasi, ama mwenye mashahidi wa sokoni, mwenye amelala katika nyumba yenye kufungwa na mulango wa mwingine. Kitabu kinatusaidia kumuuliza swali lenye baraza za wazee zinaogopa kuuliza, kwani zinajua ya kwamba ukianza na mulango utafika kwenye shamba, na ukifika kwenye shamba utafika kwenye damu. Wazee wanapenda kusema « tuache ya nyuma ». Riwaya hii inaonyesha kwa watu wawili tu, na kwa meza moja tu, nini inafika watu wakiacha ya nyuma miaka thelathini bila kusema: yote inakaa pale pale, inangoja siku yenye mutoto atakuwa na mvi.

Kuko tena habari ya ubani, yenye nilipenda zaidi. Saleh anapofika Gatwick, katika mufuko wake muko kijisanduku cha udi, ule wenye wanaita ud-al-qamari, wenye alipata kwa Hussein miaka ile ya biashara. Ni kitu chenye alichagua kubeba katika dunia nzima. Mutumishi wa uhamiaji, jina lake Kevin Edelman, anamuambia ya kwamba wazazi wake mwenyewe walikuja kama wakimbizi kutoka Romania. Anasema maneno marefu juu ya nani anafaa kupokelewa na nani hafai. Kisha anachukua kile kijisanduku, kinakwenda. Mutoto wa wakimbizi anamunyanganya mukimbizi masalio yake, na anafanya bila hasira, kama mutu mwenye anachukua kalamu juu ya meza.

Nilipowasomea wanafunzi wa tano ukurasa ule, walicheka kwanza. Udi? Mutu anakimbia na udi? Sisi tunakimbia na matela, na bidoni, na mbuzi kama iko na nguvu ya kutembea, na karte ya uchaguzi, kwani bila karte wewe si mutu kwenye barriere. Musichana mumoja wa nyuma akasema mama yake mwaka wa 2024 alikimbia na kikwembe kimoja chenye hajakivaa hata siku moja, cha marehemu mama yake, na akaacha sufuria zote mbili. Darasa likanyamaza. Sikuongeza kitu.

Tena angalia pasiporo. Ili aondoke, Saleh anatumia cheti cha kuzaliwa cha Rajab Shaaban Mahmud, yule yule mwenye alimuchukulia nyumba. Hata jina la marehemu limekuwa chombo chenye kuachwa, chenye mwingine anaweza kukivaa. Naona hapa ndipo kitabu kinafika mbali kupita vingine vyake, hata kupita Paradise ya 1994, yenye Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili safi na jina Peponi mwaka wa 2022. Peponi iko na njia, msafara, milima, maziwa. Près de la mer iko na vyumba. Na kwetu sasa habari ya vyumba ni kubwa kuliko habari ya njia.

Nisije nikaonekana ninasifu tu. Kitabu kiko na makosa yake, mengine makubwa. La kwanza, kukutana kwa Saleh na Latif. Muzee anafika nchi ya watu milioni nyingi, anasaidiwa na mwanamuke wa shirika, Rachel Howard, yeye anatafuta mutu wa kutafsiri, na yule mutu anakuwa ni Latif! Mwandishi anajua ni vigumu kuamini, na anapita haraka haraka, kama mutu mwenye anavuka muto juu ya ubao uliooza. Tunamusamehe kwani mazungumuzo yenye yanafuata ni mazuri, lakini ubao umeoza.

La pili linaniuma zaidi. Wanawake. Asha, mama wa Hassan na Latif, tunamuona karibu kila mara kwa macho ya mutoto mwenye kumuonea haya juu ya maisha yake ya mapenzi inje ya ndoa. Salha, mke wa Saleh, tunamujua kidogo sana, na anakufa mbali na sisi. Lakini nani alitaka meza? Asha. Nani alimutuma mutoto? Asha. Kitabu kizima kinasimama juu ya hitaji la mwanamuke mwenye hatukupewa nafasi ya kuingia katika moyo wake. Wanaume wawili wanakaa kando ya bahari, wanagawanya kati yao makosa na musamaha wa jambo lenye lilikuwa lake. Ningependa kujua yeye angeiweka meza wapi. Karibu na kitanda? Angeifunika na kitambaa?

Tena hatuingii jikoni. Nyumba ya Rajab tunaijua kwa sebule, kwa ngazi, kwa vyombo vyenye vinapendeza macho ya mununuzi. Mutu wa kwetu akirudi katika nyumba yake, mwanamuke anaenda moja kwa moja kuangalia mafiga, kama yangali yamesimama matatu ama moja limeanguka, na jivu liko la nani: lake la zamani, ama kuko mutu alipika hapa kiisha yeye. Jivu linaelezea mengi. Ukikuta jivu jipya na maganda ya maharagi, unajua waliokaa walikuwa wengi. Gurnah ni mutoto wa wafanyabiashara wa bandari, anajua sanduku na karatasi na harufu ya udi. Jivu hakuliandika.

Juu ya tafsiri ya Sylvette Gleize niseme neno moja. Kifaransa chake ni kizuri, kimetulia, hakikimbii. Lakini kwa musomaji wa Kiswahili kuna kitu cha kuchekesha: watu wale wanazungumuza Kiswahili nyumbani kwao, mwandishi amewaandika kwa Kiingereza, sisi tunawapokea kwa Kifaransa, na tukisoma kwa sauti darasani, wanafunzi wanawarudisha wenyewe kwa Kiswahili, tena cha Goma. Saleh mwenye kusema « weye » na « miye » akakutana na « we » na « mi » ya huku. Hakuna mutu aliona shida. Nafikiri Saleh mwenyewe, mwenye aliuza vyombo kwa watu wa kila lugha, hangekasirika.

Ukurasa wa Latif kwenda kuuliza meza hauombi maelezo mengi ya historia. Mwalimu mwenye kitabu kimoja tu anaweza kuusoma kwa sauti, polepole, na saa moja ya darasa inatosha, zinabaki na dakika za mabishano. Mimi huwa nagawanya darasa: kundi moja linasema kwa Saleh, lingine kwa mama, na mutoto mumoja anasimama katikati kama Latif, hana ruhusa ya kusema mupaka mwisho. Mwaka uliopita yule mwenye alikuwa Latif alipopewa neno aliuliza kitu kimoja, kama anaweza kuigusa tu meza kabla ya kurudi nyumbani, na kundi la Saleh likaanza kugombana kati yao.